Tupeane uzoefu: Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, kwa wazee wetu mliishtukia vipi?

Mwana Tandahimba: Wana Kusini habari za jioni. Kwetu ilianzia kwenye sahihi. Mzee kaenda benki kuchukua hela ya korosho, sahihi inaanza vizuri halafu inasinyaa, mwishoni kama sisimizi. Wakamrudisha mara tatu. Sisi tukasema uzee. Baadaye kidole gumba na cha shahada vikawa vinasuguana akiwa amekaa tu, utadhani anahesabu sarafu. Akishika kikombe vinatulia. Daktari hakupima damu, alimtembeza koridoni na kumgongesha vidole, basi.

Bi Mikindani: Pole mwanangu. Marehemu mume wangu hakutetemeka kabisa. Alikakamaa bega, tukamchua mafuta ya karafuu mwaka mzima. Uso haucheki, nikajua kaninunia! Na zamani kabla ya hapo, samaki anaungua jikoni naye kakaa palepale, hasikii harufu. Usiku anapigana ndotoni, viwiko nimevila mimi.

Fundi Masasi: Mjomba wangu tulianza kwa mganga, nisiwadanganye. Alipoanzishiwa vidonge vya levodopa na kabidopa, baada ya muda akaanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Kosa letu, alivimeza pamoja na ugali maharage. Protini inagombania njia na dawa. Siku hizi anameza nusu saa au zaidi kabla ya kula. Dawa ikimwishia anaganda mlangoni, miguu kama imepigiliwa misumari. Namlazia fimbo chini mbele yake, anairuka, safari inaendelea.

Nesi Mstaafu, Nachingwea: Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea vizuri, ndizo zinazokufa. Vidonge vinaziba pengo, haviponyi, na msivikatishe ghafla. Halafu wapo wanaotetemeshwa na dawa nyingine, mfano haloperidoli ya magonjwa ya akili, au metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Bebeni dawa zote anazotumia mkienda kwa daktari.

Mwana Tandahimba: Ahsante dada. Jirani ananiambia mbegu za upupu ni dawa. Uzushi?

Nesi Mstaafu, Nachingwea: Si uzushi, levodopa imo humo kweli. Ila mbegu hazilingani nguvu, hutajua umempa kiasi gani, na vidonge anameza tayari. Usimchanganyie.

Fundi Masasi: Kwanza huo upupu ataenda kuuchuma nani?