Tupeane uzoefu: mabaki ya karakana yaliyowachangia vijana

Fundi Randa

Habari zenu wadau. Nina karakana ndogo ya useremala, na kwa miaka minne sasa nasaidia kikundi cha vijana wa miaka 12 hadi 17 kuchangisha fedha za kambi yao ya mafunzo. Hatupiti na karatasi ya michango. Tunauza vitu vilivyotengenezwa kwa vipande vinavyobaki mezani kwangu: ncha za mbao, mikato ya plaiwudi, miguu ya viti iliyokosewa kipimo. Zamani vyote hivyo vilikuwa kuni.

Mwaka wa kwanza tulitengeneza vibao vya kukatia mboga. Nilikuwa na vipande vingi vya urefu wa kiganja, vyekundu na vyeupe, nikaona tukiviunganisha tutapata kibao cha rangi mbili. Tukaviunga kichwa kwa kichwa kwa gundi nyeupe, tukavibana usiku mzima. Asubuhi vilipendeza sana. Wiki mbili baadaye, kati ya vibao 30, 11 vilikuwa vimeachia. Kosa lilikuwa langu, na nililijua tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi, ila haraka ilinishinda. Kichwa cha ubao hunyonya gundi, kwa sababu pale ndipo vinyweleo vyote vya mti vimekatwa wazi, na kwenye kiungo haibaki ya kutosha. Gundi hushika ubavu kwa ubavu, nyuzi zikiwa zimelala upande mmoja. Tena ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Ukizipishanisha nyuzi za vipande viwili, kila kimoja kitavuta kwake.

Mwaka wa pili tukashuka hadi vitu vidogo ambavyo havihitaji kiungo hata kimoja: vibao vya kuwekea vikombe, vishikio vya funguo, vibao vya kusimamishia simu. Kipande kimoja, bidhaa moja. Vijana hukata kwa msumeno wa mkono, hupiga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, halafu tunapaka mafuta ya kitani kwa tambara. Matambara nayatupa kwenye kiroba cha maranda, kazi imekwisha. Msumeno wa meza siwaruhusu kuugusa, na mimi mwenyewe sikati kipande kifupi juu yake. Nakata kutoka kwenye ubao mrefu ningali na pa kushika.

Nyie mmetumia mabaki gani, na kipi kilikataa? Kuna jambo jingine linanisumbua. Usiku wa kuamkia mauzo huwa napitia kazi zote za vijana. Palipokwaruza napiga msasa, kingo zilizopinda nazinyoosha. Kusema kweli vinanunuliwa kwa urahisi zaidi. Ila sina hakika kama nafanya sawa.

Mama Cherehani

Asante kwa kuanzisha, fundi. Sisi ni kushona. Mabaki yetu hutoka chini ya meza za kukatia: pembe za makwapa, mikanda ya pindo, vipande vya bitana.

Kazi ya kwanza ni kuchambua. Vipande vya mafundi watano vikiingia kiroba kimoja, hujui tena pamba ni ipi na poliesta ni ipi. Mimi huchomoa nyuzi chache, nazishika kwa kibanio juu ya bakuli la maji, nawasha. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja, ikipoa inakuwa punje ngumu. Hilo tulijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja tulishona vishikio vya sufuria na vijana wakajaza ndani chochote kilichokuwa mezani. Mteja alirudisha chake kimeyeyuka ubavu, alikuwa ameshikia mpini wa kikaango cha chuma. Mkono wake ulinusurika. Tangu siku ile, cha kushikia moto ni pamba tupu, nje, ndani na uzi wake.

La pili, fueni kabla ya kukata. Kipande kipya cha pamba husinyaa majini, na ukikiunga na ambacho hakisinyai, mfuko wako utakunjana kwenye ufuaji wa kwanza.

Kuna vijana hudharau viraka. Waonyesheni picha za mablanketi ya akina mama wa Gee's Bend, Alabama, kule Marekani. Walishona nguo za kazi zilizochakaa na vipande vilivyobaki, ili watu wao wasilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yakatundikwa ukutani kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, watu wakayatazama kama wanavyotazama michoro ya rangi. Kijana wetu mmoja aliyekuwa akisema viraka ni umaskini alizitazama picha zile muda mrefu. Kisha akafumua alichokuwa ameanza, akapanga rangi upya.

Kuhusu kupitia kazi usiku, hata mimi hufumua pindo zilizopinda na kushona tena. Sijaona ubaya wake. Mnunuzi anastahili kitu kizuri.

Zimamoto Mstaafu

Fundi, samahani nikukatize hapo kwenye matambara. Tafadhali usiyatie tena kwenye maranda.

Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na wakati huo hutoa joto. Tambara likiwa limetandazwa, joto hupotea. Likiwa limefinyangwa ndani ya kiroba, joto halina pa kwenda, linapanda saa hadi saa mpaka tambara linashika moto lenyewe, bila kiberiti, bila cheche. Na wewe umelizungushia maranda makavu! Mara nyingi huwa usiku, watu wameshafunga karakana.

Tandaza kila tambara peke yake nje, kwenye kamba au juu ya zege, mpaka likakamae. Au litumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Wafundishe na vijana, maana wao ndio watakaoondoka na desturi hiyo.

Fundi Randa

Nimesoma hili nikainuka kwenda karakana. Matambara manne yalikuwa ndani ya kiroba, ya jana. Sasa yako nje kwenye kamba. Mkuu, asante sana. Miaka yote hii nilidhani ni hadithi za watu.

Chuma na Bati

Sisi ni mabaki ya bati na nondo. Tunatengeneza kulabu za kutundikia nguo na vinara vya mishumaa. Kingo za bati lazima zipigwe tupa au zikunjwe, la sivyo mnunuzi atajikata. Na bati lililopakwa zinki lisichomelewe na kijana, tena lisichomelewe ndani. Niliwahi kuchomelea vipande vya namna hiyo mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Usiku nikapata homa, baridi na kikohozi, nikadhani ni ugonjwa. Ulikuwa moshi wa zinki. Siku hizi kulabu zetu tunazipinda zikiwa baridi na kuzifunga kwa ribiti.

Bado Najifunza

Samahani wakubwa, sisi hatuna karakana ya kutupatia mabaki. Tunaokota paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, na mbao za nyumba zilizobomolewa. Zinafaa?

Fundi Randa

Paleti itazame muhuri. Zile zinazosafiri kati ya nchi na nchi hupigwa alama ya suke la ngano na herufi pembeni. HT maana yake mbao ilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo. Hiyo chukua, mradi haina madoa ya mafuta au kemikali. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuulia wadudu. Hiyo iache. Isiyo na muhuri nami huiacha, kwa sababu haina cha kunieleza.

Mbao za kubomoa zenye rangi ya zamani usizipige msasa mbele ya vijana. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni baya zaidi kwa mwili unaokua. Vilevile ubao wenye ukijanikijani uliotiwa dawa ya mchwa, nguzo za uzio kwa mfano, usiufanye kitu cha kugusa chakula. Na vumbi lolote la mbao, hata safi, si la kuvuta. Barakoa kwa kila mtu, na msasa upigwe nje kukiwa na nafasi.

Mlezi wa Watoto

Nyongeza kwa wanaotengeneza vichezeo, maana vinapendwa sana kwenye mauzo ya aina hii. Kipimo kinachotumika kwa vichezeo vya watoto wa chini ya miaka 3 ni kopo dogo la duara lenye kipenyo cha milimita 31.7. Sehemu yoyote ikizama yote ndani yake, mtoto anaweza kukabwa nayo. Gurudumu la gari la mbao likibanduka, lipimwe namna hiyo. Vifungo vya macho kwenye midoli ya vitambaa ndivyo vinavyoniogopesha zaidi. Sisi tunatarizi macho kwa uzi, basi.

Mtunza Daftari

Niongelee fedha, kwa kuwa ndipo tulipoumia. Tulisema mabaki ni ya bure, kwa hiyo kila kinachoingia ni faida. Gundi ikanunuliwa, msasa, mafuta, uzi, sindano zilizovunjika, nauli. Hakuna aliyeandika, kila mlezi alitoa mfukoni. Siku ya kugawana hesabu, mmoja akadai chake, mwingine akaona aibu kudai, na vijana wakashuhudia watu wazima wakinuniana. Iliniuma kuliko hasara yenyewe.

Sasa kuna daftari moja, na anayeandika ni kijana. Anaandika kila karatasi ya msasa. Fedha ya mauzo huhesabiwa na wawili, mmoja mlezi na mmoja kijana, palepale mezani kabla ya kuondoka. Tumegundua pia kwamba msasa ndio unaokula fedha nyingi, jambo ambalo hakuna mlezi aliyelitegemea. Kijana wa daftari ndiye aliyeliona, akapendekeza kipande kikwaruzwe kwanza kwa randa au ncha ya patasi.

Binti wa Kisanduku

Shikamooni. Nimesoma yote na nimesita kuandika, ila swali la fundi la kupitia kazi usiku limenigusa.

Mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao. Nilikuwa na miaka 14, na kikundi chetu kilikuwa kinatengeneza visanduku vya kuwekea vito kwa mikato ya plaiwudi. Changu kilinichukua Jumamosi tatu. Mfuniko haukufunga sawa, kulikuwa na uwazi upande mmoja wa kutosha kupitisha sarafu, na kwenye kona moja nilikuwa nimejaza gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno. Fundi aliyetusimamia ndiye aliyenifundisha kujaza hivyo, na mimi niliona kona ile ndiyo nzuri kuliko zote, maana niliiokoa mwenyewe.

Siku ya mauzo nilikitafuta mezani sikukiona. Nilizunguka mara mbili. Kumbe kilikuwapo. Kilikuwa na mfuniko mpya, kona imenyooshwa, kimepigwa vanishi. Mama mmoja alikishika akasema kimetengenezwa vizuri sana, akaniuliza kama ni changu. Nilimwambia hapana.

Mlezi wetu hakuwa mtu mbaya. Alikesha kwa ajili yetu, najua. Lakini mwaka uliofuata sikwenda, na nilipoulizwa nyumbani nilisema nina masomo. Sasa ni mtu mzima, nafanya kazi za ngozi, na vipande vinavyobaki nawapa vijana wa jirani. Wanakata vishikio vya funguo na alama za kuwekea kwenye vitabu. Wakikosea mshono nawapa sindano na kipande kingine. Cha kwanza wanakipeleka nyumbani kwao.

Mama Cherehani

Binti yangu, nimeisoma habari yako mara mbili na nimewakumbuka watoto wangu kadhaa ambao hawakurudi. Nami nilidhani ni masomo. Nilisema mnunuzi anastahili kitu kizuri, na bado naamini hivyo. Ila nilikuwa namtimizia mnunuzi kwa kumnyang'anya mtoto. Mwaka huu kifaa cha kufumulia kitashikwa na aliyeshona, hata kama tutabaki na mifuko kumi badala ya thelathini.

Mtunza Daftari

Mama, mkiwa na mifuko kumi iandikeni jina la aliyeshona kwenye kipande cha kitambaa upande wa ndani. Jina la kwanza tu linatosha. Sisi tulifanya hivyo kwenye vibao, kwa kalamu ya moto upande wa chini, na wanunuzi wakawa wanaita majina wakitaka kumwona aliyetengeneza.

Fundi Randa

Nimepata jibu langu, na nimelipata kwa mtu niliyepaswa kumuuliza tangu mwanzo.

Tumeshakubaliana na vijana. Ukaguzi utakuwa Jumamosi ya mwisho, mchana, wote tukiwa mezani. Nimeleta soksi nyembamba za nailoni. Kila mtu anavaa moja mkononi na kupitisha juu ya kazi yake, kuzunguka kingo zote. Inaponasa, hapo bado pana kwaruzo ambalo kidole hakikulisikia, na mwenye kazi anarudi kwenye msasa namba 120. Jana tulijaribu. Mdogo kuliko wote, wa miaka 12, alirudi mara tano kwenye kibao kimoja cha kikombe, sentimita 10 kwa 10. Nilikuwa na msasa mkononi na nikauweka chini. Mara ya sita soksi ilipita, akaniletea niguse.

Kina mteremko upande mmoja. Kikombe kinakaa.