Injini ya Premio imekwama baada ya taa ya oili kuwaka: niifungue au ninunue nyingine?

Msafiri wa Nile Magharibi:
Salaam kwenu ndugu madereva na mafundi. Gari langu ni Toyota Premio ya mwaka 2002 yenye injini ya 1ZZ-FE. Nilikuwa nikitoka Kampala kwenda Arua, na nilipokwisha kuvuka Karuma nikielekea Pakwach, taa nyekundu ya oili ilianza kuwaka kila nilipokata kona, kisha ikazimika barabara iliponyooka. Baadaye chuma kikaanza kugonga ndani, nguvu zikapungua, na injini ikazima yenyewe. Sasa nikiwasha, stata inatoa mlio mmoja tu na hakuna kinachozunguka. Chini ya gari hapakuwa na dalili yoyote ya oili kuvuja, na muda wa kubadilisha oili ulikuwa haujafika. Fundi aliyeitazama kwa dakika chache amesema ninunue injini nyingine mara moja. Je, nitathibitishaje kwamba imekwama kweli, na oili huishaje bila kuvuja?

Fundi wa Tororo:
Pole sana, ndugu. Mlio mmoja wa stata peke yake hauthibitishi kitu, kwa sababu betri dhaifu au stata mbovu nayo hulia hivyo hivyo. Weka gia huru, toa plagi zote nne, legeza na uondoe mkanda wa mbele, maana alteneta au kompresa ya kipoza hewa iliyokwama inaweza kuishika injini nzima. Kisha funga spana ya soketi yenye mpini mrefu kwenye bolti ya puli ya krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na uizungushe taratibu kufuata mwendo wa saa. Ikizunguka vizuri, rudi kwenye betri na stata. Maji yakiruka kutoka kwenye matundu ya plagi, tatizo ni maji yaliyoingia kwenye silinda, na mara nyingi gasketi ya hedi ndiyo ya kushukiwa. Isipotikisika kabisa, fungua sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa kuwa ushahidi wote umelala humo.

Wapo watakaokushauri umimine dizeli kwenye matundu ya plagi na kusubiri. Dawa hiyo husaidia injini iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa hadi ringi za pistoni zikashikwa na kutu, lakini haiwezi kuachanisha beringi zilizoyeyuka na kung'ang'ania chuma. Jambo jingine: kama gari ni la otomatiki, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu pampu ya oili ya giaboksi huendeshwa na injini, na injini isipozunguka giaboksi hukauka. Utakuwa umejiongezea hasara ya pili.

Mama Premio:
Kuhusu oili kuisha bila kuvuja, injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa tabia hiyo. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba kwa masizi, ringi za oili zinakwama, na oili inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Moshi wa buluu huonekana zaidi asubuhi, na dereva aliye ndani hauoni. Tena ile taa hupima shinikizo la oili wala haipimi kiasi kilichobaki. Ilipowaka kwenye kona, oili iliyosalia ilikuwa imekimbilia upande mmoja wa sampu na pampu ikavuta hewa. Injini hiyo huchukua karibu lita nne tu, kwa hiyo anayesubiri tarehe ya kubadilisha bila kuchomoa kijiti cha oili kila wiki hana habari na kinachoendelea humo.

Msafiri wa Nile Magharibi:
Ahsanteni. Tumeondoa mkanda na plagi, na bolti haikutikisika hata kidogo. Ndani ya sampu kulikuwa na oili kidogo nyeusi yenye vipande vinavyong'aa, na beringi moja ya konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenkishafti, imejisokota.

Fundi wa Tororo:
Basi fundi wako alikisia sawa, ingawa hakukuonyesha sababu. Kusaga krenkishafti kunawezekana, lakini kwanza uliza kama beringi za saizi ya chini, yaani zinazotoshea krenkishafti iliyopunguzwa kwa kusagwa, zinapatikana, na ukumbuke kwamba bloku hii ni ya alumini yenye silinda za chuma chembamba zisizofaa kuchongwa. Kwa injini hii, mimi ningenunua iliyotumika.

Pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, zipo nyingi, ila usinunue kwa kutazama rangi ya nje. Ondoa kifuniko cha kumiminia oili utazame kama kuna tope jeusi, izungushe kwa mkono, na upime mgandamizo wa silinda zote. Ukipata ya miaka ya baadaye, ambayo pistoni zake ziliboreshwa, chukua hiyo. Andikiana na muuzaji muda wa kuirudisha ikiwa mbovu, na udai risiti yenye namba ya injini, kwa kuwa namba hiyo imo kwenye kadi ya gari na italazimika kubadilishwa. Kabla ya kuifunga, badilisha sili ya nyuma ya krenkishafti inayozuia oili kuvuja, maana baadaye itakubidi ushushe giaboksi kuifikia.