Karura, Ngong au Hell's Gate: mwanafunzi mgeni aanzie wapi?

MwanaTanga: Hamjambo wenyeji. Nimetoka Tanga kusoma hapa Nairobi, na miezi minne sasa najua njia ya bweni na maktaba tu. Nimebakiwa na Jumamosi moja kabla ya mitihani. Nimekulia chini ya Usambara, natamani milima, lakini pia nikae na watu nijue mila zao. Niende wapi?

Karanja_Baiskeli: Msitu wa Karura. Uko mjini, baiskeli unakodi humo humo, kuna maporomoko na mapango ya Mau Mau. Ukipita chini ya ile miti kumbuka mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakizuia msitu usigawiwe wajenzi. Sijui pengine panaponipa fahari kama hapo.

MamaRongai: Kweli Karanja, ila huyu anataka watu, na Karura kila mtu anakimbia na muziki wake masikioni. Mwanangu, nenda Ngong. Panda matatu namba 111. Getini kodi askari wa msitu, usipande peke yako. Vilima ni saba hadi Kona Baridi. Beba sweta, maana upepo ule ndio unaozungusha mitambo ya umeme. Mkono mmoja Nairobi yote, mkono wa pili Bonde la Ufa hadi macho yachoke. Ukiteremkia Kiserian, kula nyama choma meza moja na wenyeji. Watoto wa Kimaasai wakikuinamishia kichwa, usiwapite: weka kiganja utosini, ndiyo salamu yao kwa wakubwa.

MwanaTanga: Shikamoo mama, hilo la watoto limenigusa. Huku nikiamkia "shikamoo" wengine hutabasamu tu, nikadhani salamu ya heshima haipo.

MtotoWaKajiado: Ipo dada, kila jamii na yake. Kwetu Wamaasai ukisalimiwa "sopa", itika "ipa". Na picha, omba kwanza.

Nyayo_Naivasha: Hell's Gate, hifadhi ya huku Naivasha, iweke likizo. Kuendesha baiskeli kando ya punda milia ni raha, lakini ni karibu kilomita 90 kutoka Nairobi, na wingu likitanda usishuke korongoni. Maji huja ghafla.

MwanaTanga: Basi Ngong. Kuna anayepanda Jumamosi?

MamaRongai: Marahaba mwanangu. Mimi na binti yangu tunapanda. Saa moja asubuhi, steji ya Ngong. Sweta usisahau.