Fundi aliniambia pikapu itavuta zaidi na itakunywa kidogo, sasa haivuti na yanywa kupita lori

Wenzangu mnisamehe naandika na hasira. Nna Hilux Vigo ya dizeli, 2.5, kazi yake kuvuta trela ya tangi la maji lita 1,000, napeleka kwenye mijengo kutoka Miritini hapa Mombasa mpaka Mazeras. Maji peke yake ni tani moja, trela yenyewe hujaihesabu. Ule mlima wa njiani ilikuwa yapanda polepole lakini yafika, na bila trela lita moja ilinipa kilomita 10. Shida niliitafuta mwenyewe.

Nikapelekwa kwa fundi mmoja, jina naliweka, akasema elfu 85 tu, atafanya rimapu, yaani kubadilisha faili ya kompyuta ya injini inayopanga mafuta, sailensa pana, chujio la hewa la wazi na tairi kubwa ati ndo gari isimame. Nguvu juu mafuta chini. Nikalipa kama zuzu.

Jumatatu nikafunga trela. Kukanyaga tu, moshi mweusi tii, jamaa wa bodaboda akaja kunigongea dirisha uso wote masizi yaonekana macho tu. Dizeli ikitoa moshi mweusi ni mafuta yaingia mengi kuliko hewa, hilo hata utingo wangu alijua, sasa hiyo nafuu ya mafuta itoke wapi?? Na lile chujio la wazi kalifunga ubavuni mwa injini, kwa hivo tabo, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, yavuta hewa ya moto pamoja na vumbi. Katikati ya mlima geji ya joto juu, klachi yanuka, ikabidi niegeshe nimwage nusu ya maji ya mteja ndo nipande. Wamama wa pale wakaja mbio na mitungi, angalau wao walifaidika.

Halafu hizo tairi. Zangu zilikuwa 255/70R15, kaniwekea 265/75R16, kipenyo kimezidi kama asilimia 9, yaani kila gia imekuwa ndefu, ile nguvu kaileta kwa kompyuta kaiondoa kwa magurudumu. Dashi nayo yahesabu kilomita pungufu. Lita 40 zilinionyesha kilomita 270 bila trela, nikisahihisha kwa kumpendelea yeye ni 294 hivi, haifiki hata 7 na nusu kwa lita.

Nikarudi. "Kaka mguu wako mzito." Miaka sita naendesha gari hii, mguu umekuwa mzito juzi? Mara ati dizeli mbovu. Nikamwambia basi nirudishie faili ya zamani ya kompyuta, hakuihifadhi! Hakupima kabla, hakupima baada, elfu 85 yote ni ya kubahatisha. Tairi zangu ashauza, na kasha la chujio "labda vijana walitupa".

Pesa najua atanizungusha mpaka nichoke. Kwa sasa mwenye kasha la chujio la Vigo, hata kuukuu, na rimu nne za 15, aniandikie bei. Na kama kuna fundi hapa Mombasa mwenye faili halisi ya 2KD, injini ya hii Vigo yangu, awe anapima kwanza, nielekezeni leo leo, kuna mteja angoja maji.