Naomba ushauri: nyimbo za Kihispania zinaweza kufungua sikio langu?

Mpandamlima
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwongoza watalii, nipo Arusha. Kihispania nina mwaka mmoja na nusu. Kusoma nasoma, kuandika naandika, tatizo ni sikio. Mwezi uliopita tulikuwa ndani ya kreta ya Ngorongoro, mama mmoja wa Madrid akaniuliza kuhusu faru, mwishoni nikasikia "dondestán". Nikalitafuta kichwani neno hilo, sikulipata. Usiku nimelala ndipo likanijia: *dónde están*, wako wapi! Maneno niliyojifunza wiki ya kwanza. Iliniuma sana.

Tangu siku hiyo nasikiliza reggaeton kila nikiwa barabarani kwenda uwanja wa ndege wa KIA. Nasikia mdundo tu. Niendelee, au napoteza muda?

BintiMakunduchi
Pole kaka. Ulichokutana nacho kinaitwa sinalefa: neno likiishia na irabu na linalofuata likaanza na irabu, zinatamkwa pamoja. Hata sisi tunameza. Mgeni aliyefundishwa "nimekwisha kumwambia" akisikia "nshamwambia" anapotea vilevile.

Kuna na suala la mkazo. Sikio la Mswahili limezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania mara nyingi ni hivyohivyo, lakini *están* mkazo uko mwishoni, kwa hiyo ukakata neno mahali pasipofaa. Irabu zisikutie hofu, ni zetu zilezile tano.

Nyimbo zinasaidia hapo hasa, kwa sababu mtunzi anahesabu mizani. *Mi amigo* kwa kawaida anaipa mizani tatu: mia-mi-go. Ukiimba naye, mdomo wako utaunganisha bila kufundishwa.

Mzee wa Santuri
Mkuu, reggaeton iweke kando kwanza. Nyingi ni ya Puerto Rico, na huko "s" ya mwisho wa silabi hufifia: *estás* inakuwa "ehtá". Kihispania kizuri kabisa, ila mgeni wako wa Madrid haongei hivyo. Yeye *gracias* anaitamka "grathias", th ya thelathini.

Sikiliza sauti za kwao. Joan Manuel Serrat wa Barcelona hamezi maneno. Ana Torroja, aliyeimba na kundi la Mecano, naye anasikika vizuri. Ukipata wageni wa Amerika ya Kusini, mchukue Mercedes Sosa wa Argentina, anaimba taratibu, kila neno lina nafasi yake.

Daftari
Mimi nilifanya hivi. Wimbo mmoja kwa wiki, sekunde 20 tu kwa siku. Mashairi usiyaangalie. Sikiliza, simamisha, andika ulichosikia hata kama ni upuuzi. Rudia mara tano au sita, kisha ndiyo ufungue mashairi, na kwa kalamu nyekundu upige upinde kila mahali maneno mawili yalipoungana. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa mwekundu wote. Baada ya miezi miwili nilianza kuzisikia pinde kabla ya kuziandika.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Naomba nitofautiane kidogo. Marehemu baba alikuwa na santuri za GV, zile za muziki wa Kikuba zilizoenea sana Kongo na huku kwetu. Aliziimba maisha yake yote, hakosei hata silabi, na hakujua maana ya neno lolote. Kuimba peke yake si kuelewa.

Halafu mwimbaji huvuta irabu ili afuate muziki, na kiitikio kinarudi mara nne. Mgeni wako anauliza mara moja. Ukimaliza wimbo, sikiliza watu wakizungumza. Radio Ambulante, kipindi cha Kihispania cha mtandaoni, wana simulizi za Amerika ya Kilatini na maandishi yake yapo. Tumia daftari lilelile la huyo ndugu hapo juu.

Mpandamlima
Asanteni sana, nimeelewa nilipokosea. Jana usiku nimejaribu na Serrat, mistari minne. Nimekosa sehemu sita. Tano ni irabu zilizoungana, ya sita ni neno ambalo kweli silijui. Nilikuwa najiona sina msamiati, kumbe ninao!

Jumamosi napokea familia kutoka Valencia, siku nne Tarangire na Serengeti. Nitaleta mrejesho.