MJADALA: Asilimia 0.3 ni ya sheria, mbona inaandikwa kama zawadi?

Mwana-Katuba: Jambo bandugu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kila mwaka kampuni za migodi zinatoa ripoti ya "uwajibikaji kwa jamii": shule yenye bati jipya, kisima, watoto waliovishwa fulana zenye nembo. Sasa, Sheria ya Migodi ya Kongo iliyosainiwa Machi 2018 inalazimisha kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wa hapo. Ukiuza shaba na kobalti ya dola bilioni 1, unadaiwa dola milioni 3. Hilo ni deni, na deni likilipwa halina haja ya picha. Napendekeza ripoti zigawe kurasa: huku tulichoamriwa na sheria, huku tulichotoa kwa hiari. Huo wa pili nashuku utabaki mweupe. Semeni.

Papa Ruashi: Kijana, ukurasa mweupe haufundishi mtoto kusoma. Serikali haikujenga, kampuni imejenga. Waiite deni, waiite zawadi, mimi nataka zahanati ifunguke asubuhi. Tena mbona kila siku kampuni tu? Sheria hiyohiyo inapeleka asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali juu ya madini, kwa komini, sekta au usultani wenye mgodi. Ripoti ya burugumesta, mkuu wa komini, nani ameiona?

Muhasibu wa Kampemba: Papa, la burugumesta ni haki yako kuuliza, lakini lisifunge hili. Mimi nakula kwa hesabu, na kinachonikera zaidi ya hizo picha ni upande usioandikwa. Daftari la biashara lina kilichoingia na kilichotoka. Ripoti ya jamii ina kilichotolewa tu. Mto uliogeuka rangi, shamba lililomezwa na uzio, vumbi la malori ndani ya sufuria, havina mstari, kwa sababu anayeripotiwa ndiye anayechagua cha kuhesabu.

Watafiti wameliona zamani. Meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta Alaska Machi 1989. Dennis Patten akalinganisha ripoti za mwaka za kampuni za mafuta kabla na baada, akachapisha mwaka 1992. Kampuni nyingine, ambazo hazikuhusika na ajali ile, nazo ziliongeza maelezo kuhusu mazingira! Maelezo yalifuata hofu ya kuharibikiwa jina. Rob Gray naye, aliyeanzisha kituo cha utafiti wa hesabu za jamii na mazingira kule Dundee, Uskoti, mwaka 1991, aliona kwamba ripoti nyingi zinazojiita za uendelevu hazituonyeshi kama kuna uendelevu wowote. Ndiyo maana wengine wanataka hesabu mbadala, inayoandikwa na wanaoumia.

Mama wa Kenya (komini ya Lubumbashi): Inayoandikwa na nani hasa? Ninavyoona, itaandikwa na shirika la mjini linalolipwa na wafadhili, kwa Kifaransa kizuri, na mama wa kando ya mgodi ataisikia redioni. Halafu munasahau historia. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, kisha Gécamines ya serikali, walitoa mposho (mgao wa chakula), shule, hospitali, hata nyumba, bila ripoti za aina hii. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 wakaondoshwa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mposho ukaenda nao. Kwa hiyo simuungi mkono Papa: cha hisani hukitetei mbele ya jaji.

Mwana-Katuba: Basi tuanze na kilichopo. Kampuni na wakaaji wanasaini makubaliano ya miradi, na chombo kinachosimamia ile 0.3 kina wajumbe wa pande zote mbili. Makubaliano yabandikwe kwa Kiswahili mlangoni mwa chifu, na kila mradi uonyeshe bei yake. Bei inaweka wazi mengi kuliko picha.

Papa Ruashi: Kubandika nakubali. Ila mkibandika, bandikeni na ile 15, mlango uleule.

Muhasibu wa Kampemba: Na mto je?