Ushauri: Namna ya kubadili mabilioni ya miaka kuwa maikrosekunde bila kupoteza sifuri

Mwalimu wa Sita: Wanajukwaa, habari zenu. Ninafundisha fizikia kidato cha sita. Katika mnyororo wa kuvunjika kwa urani-238, wanafunzi wanakutana na nusu-uhai (muda ambao nusu ya viini huvunjika) wa miaka bilioni 4.468, ambao ni wa urani yenyewe, na wakishuka hadi poloni-214 wanakuta maikrosekunde 164 hivi. Nikiwapa kazi ya kulinganisha muda huo, wengi hupoteza sifuri, na wengine hubishana kama mwaka uhesabiwe kwa siku 365 au 365.25. Naomba njia watakayoielewa, si kuikariri tu.

Mzee Kipeo: Mwalimu, usiwaruhusu waruke kutoka miaka hadi maikrosekunde kwa mkupuo mmoja, sekunde iwe stendi kuu ambayo kila safari inapitia. Mwaka wa siku 365.25, unaotumiwa na wanaastronomia, una sekunde 31,557,600, yaani 3.156 × 10⁷. Namba za mbele zizidishwe peke yake na vipeo vya kumi vijumlishwe peke yake (bilioni ni 10⁹): 4.468 × 3.156 ni 14.1, na 9 + 7 ni 16. Kisha 14.1 × 10¹⁶ iandikwe 1.41 × 10¹⁷, na hapo ndipo pa kuwasimamia kwa karibu.

Dada wa Maabara: Kuhusu ubishi wa siku, mwaka wa siku 365 una sekunde 31,536,000, na tofauti haifiki hata asilimia 0.1. Kwa tarakimu muhimu tatu jibu ni 1.41 kwa njia zote mbili. Ukidai nne ndipo utapata 1.409 na 1.410. Mimi ningetumia muda mwingi zaidi kuwaonyesha kwa nini tunahitaji sekunde. Bekereli moja ni kiini kimoja kuvunjika kwa sekunde. Gawanya 0.693 (logi asilia ya 2) kwa 1.41 × 10¹⁷, upate 4.91 × 10⁻¹⁸, yaani sehemu ya viini inayovunjika kila sekunde. Zidisha kwa atomu 2.53 × 10²¹ zilizomo katika gramu moja ya urani-238, na utaona kwamba viini takribani 12,400 huvunjika kila sekunde. Mwanafunzi aliyeiacha miaka ilivyo atapata idadi ya mwaka mzima na kuiita bekereli.

Mwalimu wa Sita: Nawashukuru sana, hasa kwa mfano huo wa gramu moja. Je, kurudi kutoka kipimo kidogo kwenda kikubwa?

Mzee Kipeo: Njia ni ile ile, ila sasa unagawanya. Maikrosekunde 164 ni sekunde 1.64 × 10⁻⁴, ambazo ukizigawanya kwa 3.156 × 10⁷ unapata mwaka 5.2 × 10⁻¹². Kabla hawajagusa kikokotoo, waulize kama wanatarajia namba kubwa au ndogo. Kwa ulinganisho wako, gawanya 1.41 × 10¹⁷ kwa 1.64 × 10⁻⁴, upate takribani 8.6 × 10²⁰. Waangalie sana alama ya kutoa, kwa sababu anayeandika 17 − 4 badala ya 17 − (−4) ameshapunguza jibu mara milioni mia moja.